Kambale wa Chumba cha Mama

Chumba cha nyuma cha nyumba yetu, hapa Masisi, bado tunakiita chumba cha Mama, ingawa mwenyewe hayupo tena duniani. Kitanda chake tulikitoa. Nguo zake waligawana dada zake. Kilichobaki ni kioo chake cha maji, sanduku la vioo la kufugia samaki, kimekaa juu ya meza ileile upande wa jiko, na ndani yake majani yamesongamana hivi kwamba mgeni hudhani ni bustani tu, haina kiumbe. Mimi humwambia atulie kidogo. Akitulia, samaki wadogo wenye mstari mwekundu ubavuni hutoka mmoja mmoja kwenye majani kuja kumkagua.

Wageni wengi husifu. Huuliza tuliwezaje, maana wao walijaribu na samaki wao wakafa. Mimi huwaambia na wetu walikufa. Wale wa kwanza, kabla hatujaleta hawa, walikufa karibu wote, na nusura wanipokonye mama yangu.

Mama alitufikia kutoka Walikale, kwetu msituni, wakati kijiji chake kilikuwa kimebaki na kuku peke yao. Watu walikuwa wamekimbia vita, kila mmoja kwa njia yake, na yeye alianza kwa miguu, akamalizia safari nyuma ya pikipiki. Alishuka mbele ya mlango wetu na kikwembe kimoja, sufuria moja na jembe lisilo na mpini. Akaangalia milima, akaangalia ng'ombe waliosimama kwenye ukungu, akajifunga kikwembe mara ya pili.

"Huku hata moto inasikia baridi," alisema. Hiyo ndiyo ilikuwa salamu yake kwa Masisi.

Nilimpa chumba cha nyuma kwa sababu ukuta wake umegusana na jiko, na babula, jiko letu la makaa, ikiwaka, mbao za ukuta zinapata joto. Kulikuwa na sababu nyingine pia. Kwetu, mama hali chakula mbele ya mume wa binti yake, wala mume huyo hali mbele yake. Hawatazamani machoni. Hawaitani. Mume wangu ni mfanyabiashara mwenye duka, Mkatoliki wa upande wa Butembo, na kwao nako heshima ya ukwe ni ileile, tena yeye aliizidisha. Basi nyumba yangu ya mbao ikawa na watu wawili wanaoheshimiana mpaka mimi nikawa posta yao.

"Ambia Mama kuko blanketi mupya mu magazini," mume wangu angesema sebuleni, na Mama yuko nyuma ya mbao, anasikia kila neno. Nami ningeenda mlangoni kwake nirudie: Mama, dukani kuna blanketi jipya. "Ambia Papa aksanti," angejibu Mama, na mume wangu tayari anatabasamu kwenye kiti chake. Siku moja nilichoka, nikanyamaza nione itakuwaje. Walingoja kimya, wote wawili, mpaka nikasalimu amri nikarudia ujumbe.

Nilicheka sana enzi hizo. Lakini heshima hiyo ilikuwa na upande wake mchungu. Mama anaweza kuja kwa mkwe wake kusaidia binti akizaa. Anaweza kuja kuugua, akipona arudi. Kuja kukaa moja kwa moja, kula jasho la mkwe kila siku bila sababu, ni aibu ambayo mama yangu asingeivaa. "Miye niko mugeni tu," alikuwa akiwaambia majirani hata kabla hawajauliza. "Barabara ikipona, ninarudia kwetu."

Barabara haikupona. Kila aliyepanda kutoka kule alikuja na habari mbaya kuliko za aliyemtangulia. Mimi nilitaka Mama abaki, nilitaka hivyo kuliko kitu chochote mwaka ule, na sikujua namna ya kumwambia bila kumvunjia heshima. Nilimwona hana raha. Nikasema moyoni ni baridi, ni mawazo, ni msitu unamwita.

Ni kweli alikuwa akiuwaza. Alasiri moja tunachambua maharage, aliniambia anachokikumbuka zaidi huku si hata nyumba yake. Ni sauti ya kile kijito cha chini ya shamba. Mara moja nikarudi utotoni. Wakati wa ukame, maji yakishuka, wanawake wa kijiji walikuwa wakiziba kijito kwa udongo na migomba, halafu wanaingia katikati na vikapu na sufuria, wanatoa maji, wanayatupa ng'ambo ya ukingo, wanaimba, wanatukanana kwa mzaha mambo ambayo sisi wasichana hatukutakiwa kuyasikia. Mama alikuwa ndiye anayeanzisha nyimbo. Matope yalimfika mapajani, na alicheka kwa kinywa wazi. Maji yakiisha, samaki wanabaki wanarukaruka kwenye tope, sisi tunaokota. Tulipika palepale ukingoni. Na kabla ya kubomoa ukingo ili kijito kiendelee na safari yake, Mama alimega tonge la bugali, ugali wetu wa mihogo, akalirusha majini.

"Bale banabakia," alikuwa akisema, "nabo bakule."

Wanawake wote waliwagawia hivyo samaki waliobaki. Hakuna aliyetueleza kwa nini, nasi hatukuuliza. Maji yalilichukua tonge yakaenda nalo, nasi tukabeba vikapu tukapanda nyumbani. Nikikumbuka harufu ya siku zile, moshi na tope na samaki mbichi mikononi, roho yangu inauma mpaka leo.

Usiku ule nilimsimulia mume wangu. Jumapili baada ya misa nilimkuta nyuma ya duka anakata vioo vya madirisha. Alikuwa ameona kioo cha samaki kwenye hoteli moja ya Goma, na mtu mwenye kisu cha kukatia vioo na gundi dukani kwake haoni kwa nini hoteli imshinde. Alikigundisha, akakipima, akakipamba na mbao pembeni. Akapata pompe ndogo ya kupulizia hewa majini, inayotumia betri ya jua. "Ambia Mama si kitu kikubwa," alisema. "Ni bipande tu vilibakia." Uongo mtupu. Nilimwona akikata vioo vizima.

Mchanga na majani tuliyafuata mimi na Mama kwenye mto wa hapa chini. Alivua viatu, akaingia, akaanza kunichagulia majani: hili litaota, hili litaoza, hili kwetu tunafungia chikwange, mkate wa mihogo. Maji ya Masisi yalimng'ata miguu, akayatukana, akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu ashuke kwenye pikipiki. Tulipanda majani yetu kwenye mchanga kwa vidole, tunabishana kama watu wanaopanda kitunguu.

Samaki waliletwa na motari, yule wa pikipiki anayejihatarisha kupeleka bidhaa za duka Walikale. Mume wangu alikuwa amemtuma. Alirudi na bidoni, dumu la njano lililofungwa kitambaa cha chandarua mdomoni, na alituapia kwamba kila mto aliovuka alisimama akawapa maji mapya. Wengi walikuwa wale wadogo wa mstari mwekundu, wale wale wa kijito chetu. Kati yao mmoja alikuwa kambale mdogo mwenye ndevu, ambaye hakualikwa na mtu.

Mama alikaa mbele ya kioo muda mrefu. Nilingoja afurahi. Badala yake alisema kwa sauti ya mtu anayetoa hukumu, na alijua mume wangu anasikia nyuma ya mbao:

"Tutaona. Hizi samaki zikizowea maji ya huku, na miye nitazowea. Zikikufa zote, munirudishe kwetu."

Namjua mama yangu. Neno likishamtoka halirudi, hata limuumize yeye mwenyewe.

Basi unaweza kufikiri hali yangu asubuhi nilipoingia na kukuta wa kwanza amelala ubavu juu ya maji. Kesho yake wawili. Mama aliwafunga kwenye jani akawazika nyuma ya choo. Nikaanza upelelezi.

Nilianzia kwa gundi, kwa sababu ilikuwa bado inanuka siki kwenye pembe. Mume wangu alikasirika. Alisema gundi hiyo ndiyo imeshika vioo vya kanisa, na hajaona waumini wakifa. Nikahamia kwenye baridi. Samaki wa msituni, maji ya uvuguvugu ya msituni, halafu unawaleta penye ukungu. Nikakizungushia kioo blanketi, lile blanketi jipya la Mama, na nikawa naongeza maji ya birika kidogo kidogo asubuhi. Wakaendelea kufa. Nikashuku maji yenyewe, kwa kuwa tulikuwa tumejaza maji ya mvua yaliyotoka kwenye mabati mapya. Nikaleta ya chemchemi. Wakafa. Nikamshuku kambale. Ana mdomo mpana, ana sura ya mwizi, na alikuwa ananenepa wenzake wakipungua. Nikamtoa nikamfungia kwenye beseni jikoni kwa kosa ambalo sikuwa na ushahidi nalo. Siku alizokaa kifungoni waliendelea kufa vilevile, ikabidi nimrudishe, naye alirudi na uso uleule. Mama naye alikuwa akikonda: sahani zake zilirudi jikoni tupu, zimepanguswa safi, lakini kikwembe kilizidi kumzunguka, nami nikasema ni mawazo.

Halafu nikafanya lililo baya kuliko yote, nalo nililifanya kwa sababu nimelelewa vizuri. Maji yalikuwa yamekuwa meupe, kama ya kuoshea mchele, na mgeni alikuwa anakuja. Nikatoa kila kitu. Nikasugua mawe kwa sabuni ya unga, nikachemsha mchanga, nikaosha majani moja moja, nikasuuza, nikajaza maji mapya kabisa. Kioo kiling'aa kuliko siku ya kwanza. Mgeni alisifu. Asubuhi yake nilizika wanne.

Hapo ndipo nilipokaa na simu, nikatafuta kwa Kifaransa. Nikampata mzee mmoja kwenye video anayesema taratibu kama padri wa misa ya kwanza. Alieleza kwamba kioo kipya ni maskini. Uchafu wa samaki unageuka sumu, na kinachoimaliza sumu hiyo ni vijidudu visivyoonekana, vinavyokaa kwenye mawe, mchanga na majani. Vinachukua wiki nyingi kuzaana. Ukiosha kila kitu kwa sabuni, umevifukuza vyote na unaanza upya. Majani nayo yanasaidia, lakini yakishaota, si yakiwa bado yanalia kwa kuhamishwa. Akamaliza kwa kusema watu wengi huua samaki kwa kuwalisha. Chakula kisicholiwa kinaoza, na maji mapya hayawezi kukimaliza.

Niliona aibu ya sabuni, lakini hilo la mwisho halikunigusa. Mimi nilikuwa nawapa unga wa sambaza, dagaa wa ziwani, wa kubanwa kwa vidole viwili, asubuhi peke yake. Na hata hivyo kila nilipoinama niliona vitu vyeupe vimejificha kwenye mizizi ya majani, vimeota manyoya kama pamba. Nilidhani mizizi inaoza. Siku moja nikavichota kwa kijiko, nikavinusa.

Niliijua ile harufu kabla sijaipa jina. Ni harufu ya mihogo iliyolowekwa, ya uwanja wa nyumba yetu ya Walikale, ya mikono ya Mama jioni. Nikabonyeza kimoja kati ya vidole. Ulikuwa bugali.

Mtu aliyekuwa analala chumba kile ni mmoja tu.

Sitaficha nilichofikiri. Nilifikiri Mama anawaua. Nilifikiri ameona njia ya kurudi kwake bila kunikosea, ameamua kuifupisha. Nilikuwa na hasira ya mtu aliyeogopa, na ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu haina pa kwenda. Siku hiyo walikuwa wamebaki wawili tu, mmoja wa mstari mwekundu, ambaye alikuwa juu ya maji anavuta pumzi kwa shida, na kambale. Kambale alikuwa mzima kwa sababu yeye anajua kupanda juu kumeza hewa, hivyo hata matope ya ukame hayamuui.

Mchana mume wangu alirudi kutoka dukani, nikampakulia sebuleni. Nikampelekea Mama sahani yake: bugali, sombe ya majani ya mihogo, na maharage. Nikafunga mlango kama kawaida. Lakini nilisahau maji ya kunywa, nikarudi na kikombe, na mkono wangu haukugonga.

Alikuwa amenipa mgongo. Kigoda amekivuta mpaka magoti yanagusa meza ya samaki, sahani iko mapajani. Alimega tonge, akalifinyanga, akalibonyeza kwa kidole gumba kama linalongoja mchuzi, akalila. Akamega lingine, akalifinyanga vilevile, akalivunja vipande vidogo kabisa, akavidondosha majini. Halafu lake. Halafu lao. Alikuwa anawagawia nusu kwa nusu, bila kupunja.

"Mukule," alikuwa anawaambia kwa sauti ya chini. "Mukule, musinipatishe haya."

Niliingia na kikombe. "Mama, unafanya nini?"

Hakushtuka. "Zinakonda. Hauone? Na huwezi kukula mbele ya mutu, yeye anakuangalia tu."

"Mama, ni chakula njo inaziua."

Aligeuka akaniangalia kama mtu aliyepandwa na homa. "Tangu wakati gani chakula inauaka?"

Nilimweleza jinsi nilivyoweza, habari ya maji yasiyotembea, ya tonge ambalo kijito kingelichukua likaenda zake lakini humu linabaki linaoza. Alinisikiliza mpaka mwisho. Vidole vyake vyenye bugali vilikuwa vimesimama hewani. Nilimwona anahesabu makaburi ya nyuma ya choo, na hapo hasira yangu ikaanza kuyeyuka, lakini neno lilikuwa limeshanifika mdomoni.

"Miye nilizani unataka zikufe," nilisema. "Juu upate kurudia kwetu."

Akaweka sahani chini.

"Kurudia wapi?" aliuliza. "Kwetu kuko nani? Nitapikia nani? Ile mutoni nayo, nani ataziba maji na miye?" Akapunguza sauti, ingawa mbao hazifichi kitu. "Mama-mukwe hawezi kusema anataka kukaa. Haiko maneno ya kusema. Njo nikasema samaki zitasema kwa nafasi yangu. Kisha zikaanza kufa. Nikaona, acha nizilishe, labda zitapata nguvu."

Nilikaa kitandani kwake. Kwa hiyo ndiyo maana ya sahani tupu na mwili unaokonda. Nusu ya chakula chake chote ilikuwa imeingia kwenye maji yale, kila siku, ili abaki na mimi. Nililia, wala sikujificha.

Ndipo nikagundua kwamba sebuleni kijiko kimenyamaza. Mume wangu akakohoa upande wa pili wa mbao.

"Ambia Mama," alisema, na sauti yake haikuwa ile ya dukani. "Ambia Mama, ile siku miye nilisikia muzuri. Alisema zikikufa zote. Kambale iko muzima. Basi hazikukufa zote."

Nilifungua mdomo nirudie, kama kazi yangu ilivyokuwa. Mama aliinua mkono akanizuia. Alikuwa anatazama mbao, mahali sauti ilipotokea, na midomo yake ilikuwa inacheza.

"Ambia Papa," alisema, "nimesikia."

Akainama, akachukua sahani yake, akairudisha mapajani. Alimega tonge, akalifinyanga, akalichovya kwenye sombe, akala. Akamega lingine, akala na hilo. Kambale alipanda juu, akameza hewa yake, akabaki ameinua ndevu anangoja zamu yake.

"Leo hapana," Mama alimwambia. "Leo ninakula miye."